Kisanduku Namba Tatu na Jina la Baba Mkwe

Bihambwe, Masisi, tarehe 2 mwezi wa nne

Kwa Mheshimiwa Papa Mkaguzi wa Alama za Biashara,
Dirisha (gishe) namba nne, ghorofa ya pili

Kuhusu: Pingamizi zenu sita juu ya jibini yangu moja

Mheshimiwa Papa Mkaguzi,

Nawasalimu kwa heshima zote, ninyi na wenzenu wa ghorofa ya pili, bila kumsahau mlinzi wa mlangoni aliyemrudisha mume wangu mara mbili kwa sababu ya kuvaa ndala. Mimi ni Nyiransabimana, mke wa Damascène, mtengenezaji wa jibini hapa Bihambwe. Barua yenu ya kurasa tatu nimeipata na nimeisoma yote. Naomba nianze kwa kuwashukuru. Kwa miaka kumi na moja nilidhani ninatengeneza jibini, kumbe nilikuwa ninatengeneza makosa sita ya mviringo, na hakuna mtu aliyekuwa na huruma ya kuniambia isipokuwa ninyi.

Kabla sijajibu, nieleze kwa nini naisumbua ofisi yenu. Kitshanga kuna mfanyabiashara anaitwa Nzabandora. Yeye hana ng'ombe. Ananunua jibini yoyote anayoikuta, hata ya siku nne ambayo ukiibana bado inatoa maji, anaifunga kwa karatasi yenye jina lilelile lililo kwenye karatasi yangu, na anaipeleka sokoni. Wanaoumwa tumbo wanakuja kunung'unika kwangu. Naye pia ameleta ombi lake kwenu, wiki tatu baada ya langu. Ninyi wenyewe mmeniandikia, chini kabisa ya ukurasa wa tatu, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kuazima miwani ya katekista: nisipojibu pingamizi zote, ombi langu linaanguka na lake ndilo litakaloangaliwa. Maana yake jina la baba wa mume wangu litakuwa mali ya Nzabandora, na mimi nitakatazwa kuliweka kwenye jibini inayotoka kwa ng'ombe wa mzee huyohuyo. Hilo ndilo linalonifanya nichukue kalamu, na msiponiona nikicheka sana ndani ya barua hii, mjue ni kwa sababu hiyo.

Sasa najibu moja baada ya nyingine, kwa namba zenu.

1. Mnasema kisanduku namba tatu cha fomu, kile cha "Jina la alama", hakikujazwa. Mheshimiwa, kilijazwa. Niliandika kwa mwandiko mzuri: "Jina la baba mkwe wangu." Mnajibu kwamba hilo si jina. Labda huko mliko mambo ni mengine, lakini kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake, wala la mama mkwe. Hataji sokoni, hataji kanisani, hataji hata akiwa peke yake shambani na maharage. Si sheria ya serikali, ndiyo maana watu wanaifuata. Tangu niingie katika nyumba hii ni miaka ishirini na sita, na jina hilo halijapita mdomoni mwangu. Siku ya ubatizo wa mwanangu Darius, Padri aliponiuliza jina la babu wa mtoto, nilimwonyesha Muzee, yaani baba mkwe huyo, kwa kidevu, na Padri akaandika bila kunitumia barua ya pingamizi.

Mtasema kuandika si kutaja. Avoka mmoja, wakili wa Goma, pia aliniambia hivyo, kwa ukarimu mkubwa. Lakini mimi nikiandika nasogeza midomo. Nilifundishwa hivyo shuleni na sijaweza kuacha. Basi Damascène alijitolea kukijaza yeye, maana huyo ni baba yake na anaweza kumtaja kutwa nzima asipate neno. Mkairudisha fomu, kwa kuwa mwongozo wenu unataka mkono mmoja tu, wa mwombaji mwenyewe, bila kufuta. Alipojaza yeye, mikono ilikuwa miwili. Nilipojaza mimi, mkono ulikuwa mmoja na jina halikuwapo. Kama kuna mkono wa tatu unaopendwa na ofisi yenu, naomba mnieleze unapatikana wapi.

Nimeona pia kwamba barua hiyo inayonitaka niandike jina kamili, kwa herufi zinazosomeka, mmeisaini kwa mstari uliojikunja na hamkuweka jina lolote. Nikafikiri pengine mama mkwe wenu anafanya kazi ofisi hiyohiyo. Ikiwa ni hivyo, poleni, tunaelewana.

2. Mnasema alama ina jina la mtu aliye hai, na kwamba mtu huyo lazima akubali kwa maandishi. Hapa, Mheshimiwa, mmenionyesha kwamba hamjawahi kuwa mkamwana wa mtu. Mnataka nimwendee baba mkwe wangu, nipige magoti, na nimpe karatasi yenye jina lake ili asaini kwamba ameniruhusu kutumia jina ambalo siruhusiwi kulitaja. Mngeniambia tu nipande juu ya paa la nyumba yake nicheze.

Nilimwomba Damascène aende yeye. Tangu tulipoanza kujaza fomu anajibu kwamba Muzee atakubali tu, kwamba hilo ni jina la nyumba yetu sote, na kwamba hakuna haja ya kumchosha. Anapojibu hivyo huwa anatazama upande wa zizi. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa iko, imeandikwa vizuri na avoka, na inangoja ndani ya Biblia mtu mwenye moyo wa kuipeleka.

Mwongozo wenu unasema kuna njia ya mkato: mtu akiwa amekufa, warithi wake ndio wanaosaini. Nimeusoma mstari huo mara nyingi, na kila mara nimekasirika upya. Huyu ndiye mzee aliyenipa ng'ombe wangu wa kwanza siku nilipofika hapa nikiwa bibi arusi nisiyejua hata mlango wa jikoni, na kwa maziwa ya ng'ombe huyo nilijifunza kugandisha. Kila asubuhi ng'ombe wakitoka, anasimama pale na fimbo yake na kuwahesabu kwa majina yao. Nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele yake. Kama mnanishauri ningoje afe ili fomu ikamilike, basi ombi lianguke.

3. Mnasema maneno yaliyo chini ya jina, "Jibini Safi ya Bihambwe", hayawezi kuwa yangu: "jibini" ni neno la kila mtu, "safi" ni kujisifu, na "Bihambwe" ni mahali. Mmeuliza kama nina nia ya kumiliki Bihambwe. Mheshimiwa, mimi nina mbao sita za kukaushia jibini na sufuria tatu. Wale wenye nia ya kumiliki Bihambwe tunawafahamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupitia gishe namba nne.

Hata hivyo avoka amenieleza jinsi ya kujibu, na najibu kwa utii: maneno hayo matatu siyadai peke yangu. Kila mtu aendelee kusema jibini, aendelee kuwa safi akitaka, na aendelee kukaa Bihambwe akiweza.

4. Mnasema orodha ya bidhaa ni pana kupita kiasi na imewekwa katika daraja lisilo lake. Hapa nakubali kosa kidogo. Mlipouliza alama itatumika kwa vitu gani, nilidhani mnauliza jibini inatokana na nini, nikaandika: jibini, maziwa, ng'ombe, majani ya upande wa juu wa mlima, na maji ya kijito. Nikatia alama daraja la thelathini na moja, la wanyama hai, kwa kuwa ng'ombe wangu wote wako hai, na kwa wakati huu hilo si jambo dogo. Ninyi mmenijulisha kwamba jibini inakaa daraja la ishirini na tisa. Naisahihisha. Naomba mlinde jibini tu. Ng'ombe watalindwa na Muzee, na majani yatalindwa na yeyote anayepita na bunduki, kama kawaida.

5. Mnasema jina linafanana mno na alama iliyoandikishwa kabla yangu, ya sabuni ya mawese inayotengenezwa Walikale na Mama mmoja anayeitwa Mapendo, na kwamba mnunuzi anaweza kuchanganyikiwa. Pingamizi hili nililichukua kwa uzito unaostahili. Nilituma mtu aniletee kipande cha sabuni hiyo. Nikakikata, nikakata na jibini, nikaviweka kwenye sahani moja, na nikamwita Papa Athanase, katekista wetu, ambaye hana ubaya na mtu, nikamwomba aonje vyote viwili bila kuambiwa kitu.

Kwa masikitiko nawaarifu kwamba alivitafuna vyote. Kuhusu cha kwanza alisema: "Hii iko muzuri, Mama, njo yako." Kuhusu cha pili alitafuna mpaka povu likaanza kumtoka pembeni mwa mdomo, akasema: "Na hii pia iko muzuri, lakini inafaa kuongezwa chumvi." Nilipomweleza, alisema aliogopa kuniaibisha nyumbani kwangu. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba wateja hawawezi kuchanganyikiwa. Naweza kuapa tu kwamba ni wateja wenye adabu watakaochanganyikiwa.

Hata hivyo niliwasiliana na Mama Mapendo kwa simu. Ana akili kuliko karatasi zetu zote. Alisema sabuni yake inaoshwa nayo na jibini yangu inaliwa, madaraja yenyewe ni mawili, na kwamba hana shida. Barua yake ya kukubali imeambatanishwa, yenye saini, tarehe na muhuri, pamoja na sabuni mbili alizoniambia nizitoe kwenu kama zawadi. Tafadhali msizionje.

6. Mnasema hakuna ushahidi kwamba watu wanaijua alama yangu. Nilikuwa nimewapelekea barua thelathini na moja za wateja. Mnajibu kwamba mmezisoma zote, na hakuna hata moja inayotaja jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kufungia. Nilizirudia barua hizo nikitegemea kuwashika katika uongo. Mheshimiwa, mlikuwa mnasema kweli, na nawasamehe.

Chukueni ile ya Mama Joséphine-Marie, mwenye mgahawa Kitshanga: "Miye niko natumia fromaji ya Muzee tangu zamani. Ile ya Nzabandora sitake, iko mubichi na inanikosanisha na bakiriya benye kula kwangu. Mukinitolea ya Muzee, miye nafunga resto." Na nyingine zote ziko hivyo. Hata jibini hawaiiti jibini, ni fromaji ya Muzee, fromaji ya kwa Muzee. Mtalaumu wateja, lakini mlaumuni mwalimu wao. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye niliyesimama sokoni, na kwa kuwa siwezi kutaja kilichoandikwa kwenye karatasi, kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba ni ya Muzee. Soko lote la Nyabiondo limejifunza hivyo kutoka kwangu. Ninaitetea alama ambayo mimi mwenyewe nimeizuia isisemwe, na nakiri kwamba sentensi hiyo sikuipenda nilipoiandika.

7. Namba hii haimo katika barua yenu, ni yangu. Mmeniandikia tarehe 3 mwezi wa pili na mmenipa siku thelathini. Barua imenifikia tarehe 16 mwezi wa tatu. Siku zenu zilipokuwa zikihesabiwa, barabara ilikuwa imefungwa, na sisi tulikuwa Kitshanga kwa shemeji, watu tisa ndani ya chumba kimoja, baada ya kukimbia na ng'ombe wale tulioweza kuwatoa. Jibini arobaini zilibaki kwenye mbao. Tuliporudi hapakuwa na hata moja, na mbao mbili pia zilikwenda. Hao walioziiba hawakuwa na pingamizi lolote, wala kuhusu jina wala kuhusu daraja. Naomba siku thelathini zihesabiwe tangu tarehe barua iliponikuta, na nimeambatanisha karatasi ya mwendesha pikipiki aliyeileta, ambaye amesaini kwa jina lake kamili na kwa herufi zinazosomeka.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, naleta maombi matatu.

Kwanza, fomu zenu zichapwe upya, na pembeni ya kisanduku namba tatu kiongezwe kisanduku cha wakamwana, ambapo mwombaji ataweza kuandika "jina ninalolijua", na ofisi iamini.

Pili, ikiwa kuchapa ni kazi, ofisi imtume mtu wake hapa Bihambwe, akae nasi, awe ananitajia jina hilo sokoni kila siku ya soko. Tutamlisha. Asivae ndala, tusije tukamrudisha.

Tatu, ikiwa hayo mawili hayawezekani, ninaiomba ofisi yenu inipatie baba mkwe mwingine anayetimiza masharti. Jina lake lisifanane na sabuni, lisiwe la mahali, lisiwe la sifa, liwe linatajika na mke wa mwanawe. Awe hai ili niweze kumheshimu na awe amekufa ili asihitaji kusaini. Mkimpata, mnijulishe ndani ya siku thelathini, la sivyo nitahesabu kwamba mmeliacha ombi lenu lianguke. Lakini nawatahadharisha kwamba huyu niliye naye simtoi. Jina la jibini hii ni lake na litabaki lake. Halibadilishwi wala na barua, wala na Nzabandora, wala na ghorofa yoyote.

Nawasihi mpokee heshima zangu za dhati, na mnisalimie wote mnaokaa nao: wa gishe namba tatu aliyetuelekeza kwenu, wa gishe namba tano aliyeturudisha, mama anayeuza chai kwenye ngazi, ambaye ndiye pekee aliyemweleza Damascène jambo likaeleweka, na mlinzi. Damascène anawasalimu, mwanangu Darius anawasalimu, na Papa Athanase anawasalimu, tumbo lake limetulia.

Mimi mwombaji,
Nyiransabimana, mtengenezaji wa jibini

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa, tukaifungua tena. Wiki iliyopita Damascène aliisoma barua hii kwa sauti uani ili nisikie kama ina makosa, na tulisahau kwamba Muzee yuko nyuma ya zizi. Alitoka na fimbo yake, akakaa kwenye gogo, akataka asomewe tena namba mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, pale niliposema ningependa ombi lianguke. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha akasema: "Mukamwana, miaka yote hii mulikuwa munapiganaka juu ya jina yangu, na hakuna mutu hata moja aliniuliza. Miye hata fromaji silake. Miye nakunywaka maziwa." Ni kweli, Mheshimiwa. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kumwona akionja, na nilidhani ni kwa sababu ya meno.

Damascène alikimbilia Biblia, akaleta karatasi ya ruhusa. Muzee aliitazama na hakuisaini. Alisema: "Andika jina ya ule mwenye kuamukaka kukamua. Si ni wewe?" Tukamwuliza itakuwaje kwa Nzabandora, ambaye sasa atabaki na jina lile peke yake. Akacheka mpaka akakohoa. Alisema Nzabandora naye atatakiwa kuleta karatasi ya ruhusa kutoka kwa mwenye jina, na mwenye jina yuko nyumbani kila siku, mwambieni aje.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, namba zote sita zilizo hapo juu naomba mzisome kama mambo ya zamani, na maombi matatu myaone kama homa. Ile kanuni ya mtu aliye hai, ambayo nimeisema vibaya kwenye namba mbili, ni kanuni nzuri sana, na naomba mumshike nayo Nzabandora bila huruma yoyote. Ombi jipya liko ndani ya bahasha hii. Daraja ni la ishirini na tisa. Jina ni refu, mchapaji anasema itabidi lizunguke jibini yote, lakini halifanani na sabuni ya mtu. Kisanduku namba tatu nimekijaza mwenyewe, mkono mmoja, bila kufuta. Nilisogeza midomo, na Muzee alikuwa amekaa palepale akiniangalia.

Limebaki jambo moja dogo. Darius anaoa mwezi wa nane, na mchumba wake Gaëlle ndiye atakayesimama sokoni badala yangu, maana miguu yangu imechoka. Leo amekuja kunisaidia kugeuza jibini kwenye mbao. Damascène alimwonyesha karatasi mpya ya kufungia na kumwomba asome kilichoandikwa. Binti aliinamisha kichwa, akafunika mdomo kwa kitenge, akasema ni fromaji ya Mama. Kile kisanduku cha wakamwana, Mheshimiwa, naomba mkichape.